Asiye na Jiko

"Shangazi, huo ufunguo ukipotea, utafurahi?"

Nilimuuliza Hirmina Tigga swali hilo nikiwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, nimetumwa na mama kuomba kaa la moto kwa jirani. Alikuwa amechuchumaa uani kwa kaka yake akianua maua matamu ya mti wa mahua yaliyokauka, yale tunayokula wakati wa njaa, na ufunguo ukining'inia shingoni kwenye kamba moja na medali ya Bikira Maria. Ulikuwa mrefu kama kidole cha mwanamume, mweusi, na kila alipoinama uligonga medali, ti, ti. Watoto wa kijiji cha Saraitoli tulijua shangazi anakuja kabla hatujamwona.

Alinitazama.

"Kaa litakuzimikia hilo," akasema. "Kimbia."

Sasa, anayetaka kumjua Hirmina lazima kwanza alijue ghala. Liko nyuma ya kanisa, kuta za udongo nene kama mgongo wa nyati, mlango mmoja, makufuli matatu. Zamani za mababu hapakuwa na ghala. Mkulima akikosa mbegu alikwenda kwa mkopeshaji mjini, akarudi na mbegu, na baada ya misimu michache shamba likaenda kuishi na mkopeshaji. Ndipo padre mmoja mzee kutoka nchi za mbali akawafundisha akina mama jambo dogo: kabla hujaosha mchele wa kupika, chota konzi moja, iweke kando kwenye kibuyu. Jumapili leta kibuyu kanisani. Konzi hizo ziwalishe wagonjwa na wajane. Na wakati wa mavuno kila nyumba ilete mpunga wa mbegu, ukae pamoja, ugawiwe mvua ikianza.

Mwanzoni makufuli yalikuwa mawili, la katekista na la mkuu wa kijiji. Ukaja mwaka mvua ilipokwepa. Wakati wa joto, kabla ya kupanda, watoto walilia kila nyumba, wa katekista na wa mkuu wakiwemo. Baba wawili wakatazamana, wakafungua. Hawakuiba, waligawa kwa haki hadi punje ya mwisho. Lakini mvua ilipokuja hapakuwa na mbegu, watu wakarudi kwa mkopeshaji, na mashamba mengine hadi leo yana jina la mtu ambaye hajawahi kukanyaga tope lake.

Padre mzee akaongeza kufuli la tatu, na sheria. Ufunguo wa tatu aushike mtu asiye na jiko. Mwenye jiko ana chungu, na chungu kina watoto wanaokikodolea macho. Anayekula kwenye jiko la mwenzake hana mtu wa kuiba kwa ajili yake. Na ufunguo huo usivuke mto, wala usilale nje ya kijiji, asije akahitajika akawa hayupo. Haikuandikwa popote. Ilikaa vichwani mwa watu, na kilichokaa vichwani mwa watu hakina mahali unapoweza kukifuta.

Aliyeushika kwanza alikuwa mjane mmoja, Bibi Bibiana. Alikufa ameufumbata, wakaukunjua mkono wake kidole kimoja kimoja. Jumapili iliyofuata wakatazama kijijini ni nani asiye na jiko, wakamwona Hirmina. Wazazi wamekufa, hajaolewa, anakula kwa kaka yake Pius. Msichana mrefu, bado anasuka mikia miwili, akicheka unamsikia mpaka mashambani. Wakampigia makofi. Ngoma ikatolewa, wakashikana mikono wakacheza mstari mmoja mpaka vumbi likapanda juu ya paa la kanisa. Hirmina akacheza katikati, ufunguo ukiruka kifuani. Usiseme alilazimishwa. Alifurahi kuliko wote.

"Sasa wewe ni mama wa wote," wakamwambia.

Haikuchukua muda akajua maana yake. Kwa Pius, jiko lilikuwa la Salomi, mke wa Pius, ambaye watu walimwita Mama Klemens. Salomi hakuwa mtu mbaya. Ila kwetu jiko moja lina mkono mmoja. Mwenye jiko ndiye anayetia chumvi, ndiye anayepakua, ndiye anayechota konzi. Hirmina alipura, alipepeta, aliteka maji, alipandikiza mpunga mgongo ukipinda, lakini akinyoosha mkono kwenye chungu tu:

"Wifi, toa mkono. Unataka kutuwekea bahari?"

"Kimepooza, wifi."

"Kimepooza kwako. Watoto wangu wanakula."

"Mimi je?"

"Wewe si unakula? Au nakunyima?"

Hakunyimwa. Kila jioni alipewa sahani iliyojaa, naye kila jioni aliipokea kwa mikono miwili kama mgeni. Jumapili akina mama walipojipanga na vibuyu kwenda altareni, Hirmina alibaki nyuma, benchi la mwisho, akingoja kwenda kufunga walichotoa wengine. Alizilinda konzi za kijiji kizima na yake haikuwemo hata moja. Hilo ndilo lililomuuma, na hilo ndilo alilotaka maisha yake yote baadaye. Hakutaka mengi. Alitaka jiko lake, chungu chake, na konzi aliyoichota kwa mkono wake.

Na mto ule! Kiangazi maji hufika kwenye kifundo cha mguu, kuku anavuka bila kulowanisha mkia. Ng'ambo kuna soko kubwa, kuna shangazi zake, kuna harusi za binamu. Hirmina alisimama kwenye mawe ya kufulia akatazama watu wa nyumbani kwao wakivuka na ngoma, akawapungia mkono, akarudi kupepeta. Binamu mmoja alimtania kutoka ng'ambo, "Hirmina, vuka bwana, ufunguo utakuwa umelala!" Akacheka. Alikuwa bado anacheka siku hizo.

Kutoka ng'ambo hiyo ndiko alikokuja Ignas Lakra, seremala, kurekebisha mlango wa ghala uliokuwa ukilalia bawaba. Hirmina alitakiwa awepo mlango ukiwa wazi, basi alikaa hapo kutwa, na Ignas akaranda mbao polepole kuliko seremala yeyote aliyewahi kuranda.

"Mlango wa watu watatu," Ignas akasema. "Sijawahi kuuona. Kwetu mlango hufunguliwa na mtu mmoja, akiwa mlevi wawili."

"Fanya kazi, fundi. Unalipwa mchele, hulipwi maneno."

"Mchele mtanipa. Maneno natoa bure. Wewe ukitaka kutoka, unafunguliwa na watu wangapi?"

Hirmina akacheka mpaka katekista akatoka kuchungulia. Usiku huo hakucheka. Alilitafuna swali hilo na hakupata jibu.

Baada ya mavuno wazee wa Ignas walivuka na chungu cha pombe ya mchele, kama desturi inavyotaka. Upande wa binti ukinywa, mambo yamekubalika. Pius alikuwa tayari ameshika kikombe. Lakini walikuwepo pia mzee Kornel, mkuu wa kijiji, na katekista Nikodim, wamekaa mkekani pamoja na ndugu, maana binti mwenye ufunguo si wa kaka yake peke yake.

"Kijana ni mzuri," Nikodim akasema. "Hatuna neno naye. Ila ghala ndiyo linajaa. Subirini joto lipite."

Wakasubiri. Joto lilipofika, Kornel akasema, "Sasa hivi watu wana njaa, ndio wakati wa kulinda. Subirini tupande." Mvua ikaja, wakasema, "Sasa ndiyo tunafungua na kugawa, atatuachaje? Subirini mavuno." Mavuno yakaja na ghala likajaa. Chungu cha pombe kilikaa pembeni mwa nyumba ya Pius hakikunywewa, kikachacha, kikatoa nzi wadogo, Salomi akakimwaga kwa nguruwe.

"Katekista," Hirmina alimwambia Nikodim siku moja, "hebu nitajie mwezi mmoja. Mmoja tu ambao mtaniruhusu."

Nikodim alikuwa mtu mwema, hili lazima lisemwe. Alikuwa na pumu, na bado aliwabeba wagonjwa mgongoni mpaka zahanati. Hirmina alipougua malaria ndiye aliyekesha naye akimsomea rozari. Alimpenda kama binti yake, ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia.

"Binti yangu," akasema, "figa moja haliinjiki chungu. Sisi sote tunategemeana. Ni kwa ajili ya wote."

"Figa moja? Mimi hata hilo moja sina."

Ignas alioa mtu mwingine. Nyumba yake ilionekana kutoka kwenye mawe ya kufulia, na kila jioni Hirmina aliuona moshi wa jiko ambalo lingekuwa lake ukipanda ng'ambo ya maji ya kifundoni. Akahama, akawa anafulia juu zaidi, penye mawe mabaya.

Mara moja alijaribu kuurudisha. Wakati wa matoleo aliuvua shingoni akauweka kwenye kapu la mchele, klak, akarudi kwenye benchi lake, shingo nyepesi mpaka akahisi kizunguzungu. Alasiri Nikodim akaja uani, anahema, anatabasamu.

"Binti, umedondosha kitu kanisani."

"Sikudondosha."

"Basi kimedondoka chenyewe." Akamvisha kamba shingoni kwa mikono yake, kwa upole, kama wanavyomvisha bibi harusi shada la maua.

Akaomba kikao. Wakakaa kibarazani kwa kanisa. Akasema amechoka, apewe mwingine.

"Nani?" Kornel akauliza, na hakuuliza kwa hila. "Angalia mwenyewe. Nani mwingine hana jiko?"

Watu wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na mke, mume, watoto, moto wake. Kisha macho yote yakamwangukia Tarsis, aliyekuwa amelala ukutani, mlevi wetu, ambaye alilala palipomkuta.

"Tumpe Tarsis!" mtu akapiga kelele.

"Tarsis hana jiko, hana hata ufuniko!"

"Nipeni," Tarsis akasema bila kufumbua macho. "Mbegu nitazifanya pombe, mtakunywa wote. Hiyo nayo si ni kwa ajili ya wote?"

Wakacheka mpaka wakashikilia mbavu, na Hirmina akacheka nao, na kicheko kilipoisha ufunguo ulikuwa bado shingoni na watu wanajikung'uta vumbi kwenda makwao. Mwanamke mmoja akamshika bega, "Tungekuwa na nani bila wewe?" Walimpenda wote. Kama angekuwepo mwenye kinyongo naye, Hirmina angekuwa na mlango wa kutokea. Kuta zilizomzunguka zilijengwa kwa shukrani, na kuta za namna hiyo hazina ufa.

Miaka ikaenda. Mikia miwili ikawa fundo moja kisogoni, fundo likaingia mvi. Chini ya koo ngozi yake ikaota alama nyeusi ya ufunguo. Kicheko chake kilipotea lini, hakuna aliyejua. Ni kama kelele za chura, unagundua zimekoma wakati zimeshakoma.

Mwaka ninaousimulia, mavuno yalikuwa mazuri. Hirmina alikuwa amevuna mashamba ya majirani, na ujira wa mavuno hulipwa kwa mpunga. Siku zote aliumimina kwa Salomi. Safari hii alifunga sehemu kwenye ncha ya sari yake. Kwenye gulio dogo la upande wetu wa mto alibadilisha maua ya mahua kwa chungu cha mfinyanzi, kidogo, cha mtu mmoja. Kisha akaenda nyuma ya banda la ng'ombe, penye mfenesi, akabingirisha mawe matatu akayaweka.

Alikoboa mpunga wake. Kabla hajaosha mchele, akaingiza mkono, akachota konzi. Punje zikapita kati ya vidole, akaziokota mavumbini moja moja. Akaziweka kwenye bakuli la majani aliyoyashona mwenyewe. Ndipo akawasha moto.

Salomi aliuona moshi.

"Wifi! Unachoma nini huko?"

"Napika."

"Unampikia nani? Kuna mgeni?"

"Mimi."

Salomi akaja na mwiko mkononi. Akayatazama mawe, chungu, na uso wa wifi yake uliojaa masizi.

"Nimekunyima nini?" Sauti ilianza juu ikashuka. "Sema mbele ya Mungu, tangu niingie nyumba hii, siku gani umelala njaa? Siku gani?"

"Hakuna."

"Watu watasema nini? Watasema Mama Klemens kamfukuza wifi yake akapike na ng'ombe!"

"Hujaninyima, wifi. Umenipa. Miaka yote hii umenipa." Hirmina akakoroga. "Mimi nimempa nani?"

Salomi akainama, akachungulia chunguni.

"Umezidisha maji," akasema, akaondoka na mwiko wake.

Jumapili padre hakuwepo, huja mara chache, hivyo Nikodim aliongoza ibada. Wakati wa matoleo alisimama mbele na kapu kubwa, na akina mama wakajipanga. Ana mtindo wake: kila mmoja akimimina, yeye huitaja nyumba kwa sauti ya kuimba, macho kafumba nusu, kama mtu anayesali rozari. "Nyumba ya Kornel, Bwana aibariki. Nyumba ya Pius, Bwana aibariki." Ameimba hivyo miaka mingi hata ulimi unajiendea wenyewe.

Nyuma ya Salomi, kwenye mstari, alisimama Hirmina na bakuli la majani. Minong'ono ikaanza kwenye mabenchi. Nikodim hakusikia, alikuwa ndani ya wimbo wake. Hirmina akafika, akamimina. Nikodim akafumbua jicho, akaona mkono wenye bakuli, akaona uso, na ulimi ukaenda kabla ya kichwa:

"Nyumba ya Hirmina, Bwana aibariki."

Nikodim akalitazama kapu. Mchele ulikuwa umeshaingia kwenye mchele. Hirmina alibaki amesimama pale mbele, mahali ambapo hakuwahi kusimama, na machozi yakimshuka bila sauti. Mstari ukangoja.

Ibada ilipoisha kibaraza kilijaa kama siku ya mazishi.

"Mawe matatu nyuma ya banda la ng'ombe," Kornel akasema, "hiyo ni nyumba?"

"Bwana mwenyewe alianzia bandani," Tarsis akajibu kutoka ukutani.

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka.

"Konzi yake irudishwe," mmoja akasema. "Ilipokelewa kwa makosa."

"Irudishe wewe! Kaa hapo uchague punje zake."

"Katekista ameshaibariki. Utaitoaje baraka?"

Nikodim alikaa ameinamisha kichwa, pumu ikimpiga. Hatimaye Kornel akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta amani, "Sikilizeni. Hirmina awe na jiko lake, hakuna ubaya. Na ufunguo aendelee kuushika. Sheria tutairekebisha kidogo. Mwaminifu ni mwaminifu."

Vichwa vikaanza kuitikia, kimoja, kingine. Hirmina aliviona vikiitikia, akaziona kuta zile zile zikimzunguka tena, safari hii na chungu chake ndani. Akasimama.

"Mzee Kornel. Wazee wa Ignas Lakra walipovuka na pombe, nilikuomba sheria irekebishwe kidogo. Ulinijibuje?"

Hirmina hakumngoja.

"Ulisema sheria ya marehemu padre haiguswi. Nikaishika. Nimeishika mpaka imeniota ngozini." Akavua ufunguo. "Asiye na jiko ndiye anayeushika. Mimi nina jiko. Katekista kanitangaza mbele ya altare. Sasa na nyinyi ishikeni." Akauweka chini, katikati ya mkeka.

Hakuna aliyeugusa. Ulikaa pale kama nyoka ambaye hujui kama amekufa. Na Hirmina mwenyewe, usidhani alikuwa jasiri. Alikijua kisa cha makufuli mawili kuliko mtu yeyote, na aliona mbele yake ghala tupu, na watu wakivuka kwenda kwa mkopeshaji, na kosa likiwa lake. Akaanza kuinama kuuokota.

"Uache!"

Alikuwa Salomi. Kasimama, kajifunga sari kiunoni kama anayekwenda kugombana sokoni.

"Uache hapo hapo, wifi. Nyinyi mnaogopa nini? Wezi kutoka wapi? Wezi ni sisi. Mimi ndiye mwizi! Wajukuu wangu wakilia kiangazi nitalivunja hilo kufuli kwa meno. Tunalijua hilo, ndiyo maana tukamtafuta mtu mmoja awe mwaminifu kwa niaba yetu sote. Sisi tuwe na watoto, yeye awe na uaminifu." Sauti ikakatika. "Anakula kwangu miaka yote hii, sijawahi kumuuliza chumvi."

Nikodim akainua kichwa.

"Uzunguke," akasema kwa kuhema. "Nyumba kwa nyumba. Mavuno hadi mavuno."

"Na mwenye watoto wenye njaa?" Kornel akauliza.

"Kila nyumba ina watoto wenye njaa, Kornel. Mimi na wewe funguo tunazo na watoto tunao. Kwani sisi tumezaliwa tofauti na wao?"

"Na aanze nani?"

Mtu nyuma akapiga kelele, "Aanze Mama Klemens, mdomo si anao!" Kicheko kikapasuka, na kabla Salomi hajakataa ufunguo ulikuwa shingoni kwake.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kigumu; hata mavuno yale mazuri hayakufika mpaka mvua. Adhuhuri moja ya joto Salomi alikuja nyuma ya banda, akajitupa chini kando ya mafiga, ufunguo kaushika mbali na kifua kama kaa la moto.

"Wifi, wewe ulikuwa unalalaje na hili dude?"

"Chali. Ukilala kifudifudi linachoma."

"Leo nimesimama mbele ya mlango." Hakumtazama. "Sijui nilifikaje. Mtoto wa Klemens hajala kitu tangu jana ila mahua. Nikasema, nikamwombe Nikodim, nikamwombe Kornel, mara moja tu, kibaba kimoja."

"Ukaenda?"

"Nikaja hapa."

Hirmina hakumpa mahubiri. Alifunua chungu chake. Ulikuwa uji wa wimbi, mwepesi, unaona chini.

"Walete," akasema. "Tutaongeza maji."

Salomi akawaleta. Kesho yake mke wa Kornel alileta majani ya mlonge, akamwaga chunguni, akaketi na wajukuu wake. Chungu cha mtu mmoja hakikutosha, wakaazima kikubwa. Kutoka siku hiyo mpaka mvua ya kwanza waliokuwa na kidogo walipika pamoja nyuma ya banda la ng'ombe, kila mwanamke akilalamika chumvi ya mwenzake, na ghala halikufunguliwa mpaka siku ya kupanda. Mbegu zilikuwepo zote.

Hirmina alivuka mto mwaka huo. Watu walidhani atakwenda mbali. Alivuka, akafika soko la ng'ambo, akanunua chumvi, akarudi kabla jua halijapinda. Waliomwona wanasema njiani mkono wake uliruka kwenda shingoni mara kwa mara, akasimama akiwa na hofu, akatazama njia aliyotoka, kisha akakumbuka. Ignas alimwamkia mlangoni kwake, kazungukwa na wajukuu. Akamwitikia vizuri. Miaka aliyoipoteza hakuna kikao kilichoweza kumrudishia, wala hakuna aliyesema kinaweza.

Mwaka huu nimerudi likizo kutoka shule ya masista, na nikausikia ufunguo kabla sijamwona shangazi, ti, ti. Zamu imeifikia nyumba ya Hirmina. Sasa ni nyumba kweli, chumba kimoja chenye vigae, na mafiga yako ndani. Nilikuta anapika. Akacheka kile kicheko ambacho mimi nilikuwa nakisikia kwa wazee tu.

"Wewe kibogoyo," akasema. "Uliwahi kuniuliza kitu, nikakufukuza na kaa lako."

"Nakumbuka, shangazi."

"Ukipotea leo nitapiga yowe, na kila nyumba itatoka kuutafuta, maana mwakani ni wao. Lakini wakati ule ulioniuliza?" Akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. "Wakati ule ningefurahi, mwanangu. Ningefurahi mpaka nicheze. Halafu ningeinama nikautafute peke yangu, na nyinyi wote mmekaa vibarazani mnanielekeza."